Kimea Si cha Pombe Tu

Na Bwana Shamba, Mgori

Siku moja ya mnada, mzee mmoja wa hapa Mgori alinishika mkono akanivuta kando, chini ya mti.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, Bwana Shamba. Wewe umesoma. Hebu nisomee haya maandishi."

Alitoa kopo dogo katika mfuko wa koti lake. Ndani mlikuwa na vidonge. Mchuuzi alikuwa amemwambia kwamba hiyo ni dawa ya kumeng'enya ugali tumboni. Mzee alikuwa akisumbuliwa na tumbo kujaa kila anapomaliza kula. Kwa hiyo alitoa fedha, akanunua. Fedha aliyotoa ingetosha kununua debe la mtama.

Nilisoma. Maandishi yalisema kwamba vidonge vina kitu kiitwacho amilesi. Kazi ya amilesi ni kukata wanga ili mwili uweze kuutumia.

Nikamwambia, "Mzee, kitu hiki unacho nyumbani. Asubuhi nilipopita kwako nilikiona kimeanikwa juu ya jamvi."

"Juu ya jamvi? Kile ni kimea cha pombe!"

"Ndicho hicho hicho, mzee."

Mzee alinitazama kwa muda. Nadhani alifikiri nimeanza kunywa mapema siku ile.

Ndugu msomaji, leo nataka nikueleze yale niliyomweleza mzee. Yanahusu mtama wetu na kimea chetu. Lakini zaidi yanahusu watoto wetu wadogo, wanaokunywa uji kila siku na bado hawaongezeki uzito.

WANGA NI SUKARI ILIYOTUNGWA

Ugali, uji, wali, muhogo na viazi vitamu vina wanga mwingi. Wanga ni nini?

Fikiri shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila shanga moja ni sukari. Uzi mmoja wa wanga una shanga mamia, hata maelfu. Mwili hauwezi kuuingiza uzi mzima katika damu, kwa sababu ni mrefu mno. Lazima ukatwe vipande vipande mpaka zibaki shanga moja moja. Kitu kinachokata kinaitwa kimeng'enya. Amilesi ni jina la kimeng'enya cha kukata wanga.

Kimeng'enya si mdudu. Hakina uhai. Ni kitu ambacho viumbe hai hukitengeneza ili kifanye kazi moja tu. Kimeng'enya cha wanga hakikati nyama wala mafuta. Nyama ina vimeng'enya vyake, na mafuta vilevile. Tena kimeng'enya hakiishi upesi kama kuni zinavyoisha motoni. Ni kama panga. Likikata mti huu, linakwenda kukata mwingine. Ndiyo maana kidogo tu kinatosha kwa chakula kingi.

Je, unataka kukijua kimeng'enya chako mwenyewe? Chukua tonge la ugali bila mboga. Litafune, usimeze. Hesabu polepole mpaka 60 au zaidi. Utasikia utamu kidogo unakuja mdomoni. Hakuna mtu aliyetia sukari. Mate yako yana amilesi, nayo imeanza kuzikata nyuzi za wanga.

Akina mama wanajua jambo jingine. Mtoto akila uji mzito kwa kijiko, kisha akaubakiza, baada ya muda unaukuta umekatika. Umekuwa kama maji. Wengi husema uji umechacha. Lakini mara nyingi si hivyo. Mate ya mtoto yameingia katika bakuli kwa njia ya kijiko, yakakata wanga. (Hata hivyo usimrudishie mtoto uji huo baadaye. Mate huingiza na vijidudu. Wape kuku.)

Chakula kikishamezwa, kazi ya mate husimama, kwa sababu tumboni mna maji makali. Kikifika katika utumbo mwembamba kinakutana na vimeng'enya vingine. Hivi vinatoka katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Hapo ndipo kazi kubwa ya kukata wanga inapofanyika. Kisha sukari inaingia katika damu na kutupa nguvu ya kulima.

MBEGU NAYO HULA

Sasa mtama unaingiaje katika habari hii?

Punje ya mtama ni mmea mdogo uliolala, pamoja na akiba ya chakula chake. Akiba hiyo ni wanga. Punje ikipata maji, inaamka. Mmea mchanga hauna majani ya kujitafutia chakula, kwa hiyo unakula akiba. Lakini nao hauwezi kula wanga mzima, kama sisi tusivyoweza. Basi punje inatengeneza vimeng'enya vyake yenyewe. Siku ya pili na ya tatu tangu kuanza kuota, vimeng'enya hivyo vinakuwa vingi sana ndani ya punje. Ukianika punje wakati huo, mmea unakufa, lakini vimeng'enya vinabaki. Ukisaga, vinalala ndani ya unga mpaka vipate maji tena. Hicho ndicho kimea.

Bibi zetu walilijua jambo hili kwa mikono yao. Bila kimea, pombe ya mtama haitoki. Hamira haiwezi kula wanga. Hamira inataka sukari. Kimea hukata wanga kuwa sukari, hamira hula sukari hiyo, na kileo kinatokea.

Watu wa nchi nyingine nao walikuwa na kimea chao. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walichukua kimea cha shayiri. Wakatoa ndani yake kitu kinachokata wanga. Watu wengi wanahesabu kwamba hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wataalamu. Baadaye, mwaka 1894, Mjapani mmoja aliyekaa Marekani, Jokichi Takamine, alipata hati ya serikali ya kutengeneza kimeng'enya hicho kwa kutumia ukungu. Ni ukungu uleule ambao Wajapani hutumia kutengenezea pombe ya mchele. Dawa yake iliitwa Taka-Diastase, ikauzwa kwa watu wenye matatizo ya kumeng'enya chakula. Vidonge vya mzee wa Mgori ni wajukuu wa dawa hiyo.

Kwa hiyo nilipomwambia mzee kwamba dawa yake iko juu ya jamvi, sikuwa namtania.

HESABU YA KIKOMBE

Tuje sasa kwa watoto.

Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Linajaa kwa kikombe kimoja hivi. Mama anapika uji mwepesi ili mtoto aweze kunywa. Katika kikombe 1 cha maji anatia vijiko 2 vya mezani vya unga. Akizidisha unga, uji unakuwa mzito, mtoto anautema. Wanga ukipata moto hunywa maji na kuvimba. Vijiko vichache tu vya unga hushika maji yote ya sufuria. Kwa hiyo mama anaongeza maji, na mtoto anajazwa maji.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori, kama uzito unavyopimwa kwa kilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kalori 200 hivi kila siku kutoka katika chakula, mbali na maziwa ya mama. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anahitaji kalori 300. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kalori 550.

Kikombe cha uji mwepesi kina kalori 60 hivi. Hebu chukua kijiti, upige hesabu mchangani. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, akilishwa uji huo tu, atahitaji vikombe 9 kwa siku.

Nani anaweza kumnywesha mtoto vikombe 9 wakati wa palizi? Mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto ameachwa na dada yake wa miaka saba. Anapata vikombe viwili, labda vitatu. Tumbo linaonekana limejaa, mtoto halii. Lakini siku ya kliniki, mstari katika kadi umelala. Mwezi unaofuata umelala tena. Halafu mama anaulizwa kwa ukali, "Mbona humlishi mtoto?" Naye anamlisha kila siku. Mimi nimewaona akina mama wakitoka kliniki wakilia kwa swali hilo. Kosa haliko kwa mama. Kosa liko katika maji.

Sasa tazama kimea kinafanya nini. Katika kikombe 1 cha maji, pika nusu kikombe cha unga. Hivyo ni karibu vijiko 8. Uji utakuwa mzito kama ugali laini, na mtoto hawezi kuunywa. Tia kijiko kimoja kidogo cha chai cha kimea. Koroga. Baada ya dakika chache uji utalegea mbele ya macho yako, mpaka utiririke kutoka kijikoni. Hukuongeza maji. Unga wote bado umo ndani. Panga limekata nyuzi za wanga, nazo haziwezi tena kushika maji.

Kikombe cha uji huu kina kalori 160 hivi. Ni karibu mara tatu ya uji mwepesi. Mtoto wa miezi minane anatosheka kwa kikombe kimoja na kidogo, akinywa kwa awamu mbili au tatu. Yule wa mwaka mmoja na nusu, ambaye alihitaji vikombe 9, sasa anahitaji vitatu na nusu. Hilo linawezekana hata wakati wa palizi.

Jambo hili halikugunduliwa na mimi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ililifanyia kazi katika miaka ya 1980. Mtaalamu Mosha, pamoja na mwenzake Svanberg kutoka Sweden, walipima uji wa kimea cha nafaka na kuandika matokeo yao mwaka 1983. Baadaye walikwenda katika kijiji cha Luganga, mkoani Iringa. Walitaka kuona kama akina mama wataukubali uji huo, na watoto watakula kiasi gani. Habari za Luganga zilichapishwa mwaka 1990. Unga wa kimea ukaitwa "unga wa nguvu". Wakati huo Iringa ulikuwa na mradi mkubwa wa lishe ulioanza mwaka 1983, kwa msaada wa WHO, UNICEF na serikali ya Italia.

Mbona basi hatuuoni sana unga huo majumbani? Wengine wanasema ni kazi nyingi. Mimi sikubali kabisa. Wanawake wa Singida wanatengeneza kimea magunia kwa magunia kwa ajili ya pombe. Kazi imekwisha kufanyika. Kinachokosekana ni konzi mbili tu za mtoto kabla pipa halijawekwa jikoni.

JINSI YA KUTENGENEZA KIMEA CHA MTOTO

Chagua mtama mweupe, uliokomaa, wa kula. Mtama mwekundu una uchungu unaozuia chakula kumeng'enywa vizuri, kwa hiyo si mzuri kwa mtoto. Ulezi unafaa sana, pengine kuliko mtama. Uwele pia unaweza kutumika.

Usitumie kamwe mbegu za dukani zilizopakwa dawa. Zile zenye rangi nyekundu, kijani au bluu zimepakwa sumu ya wadudu na magonjwa ya mimea. Hata ukiziosha mara kumi, sumu haiishi. Hizo ni za kupanda tu.

Pepeta, chambua mawe na punje mbovu, osha. Loweka usiku mmoja katika maji safi. Asubuhi mwaga maji, osha tena, tandaza punje ndani ya kikapu au juu ya gunia safi. Funika kwa kitambaa kilicholowa. Weka mahali penye kivuli. Nyunyizia maji safi asubuhi na jioni, lakini punje zisiogelee. Siku ya pili utaona vimizizi. Siku ya tatu inatosha. Usingoje machipukizi yarefuke kama unavyofanya pengine kwa pombe.

Anika juani juu ya jamvi safi mpaka zikauke kabisa. Ukizitafuna ziwe zinavunjika kwa mlio. Usizikaange. Moto mkali huua vimeng'enya, nawe utabaki na unga wa kawaida.

Sasa sikiliza vizuri. Zikishakauka, zifikiche kwa mikono, kisha pepeta mpaka mizizi na machipukizi yote yatoke. Usiruke kazi hii. Wafugaji wa hapa wanajua kwamba ng'ombe akiingia katika mtama mchanga anaweza kuanguka na kufa. Ni kwa sababu majani machanga ya mtama yana sumu. Machipukizi ya kimea cha mtama nayo yana sumu hiyo hiyo. Ukiyatoa na kuuchemsha uji vizuri, umeiondoa hatari hiyo kwa sehemu kubwa. Ulezi hauna shida hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kuupenda.

Kimea chenye ukungu, au chenye harufu ya uvundo, kitupe. Usimpe mtoto, usimpe kuku, na usitie katika pombe. Mwaka 2016, katika mikoa ya jirani ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao walikufa kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo anika upesi. Kama mvua imekuja kimea kikiwa hakijakauka, ni heri kukipoteza.

Saga au twanga. Hifadhi katika kopo kavu lenye kifuniko. Tengeneza kidogo kidogo, cha wiki chache tu.

KOSA LANGU

Mara ya kwanza nilipoonyesha uji huu, niliaibika. Akina mama zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa. Mimi nilisimama mbele nikasema maneno mengi. Nikapika uji mzito, nikachota kimea, nikakitia uji ukiwa bado unatokota motoni. Nikakoroga. Nikakoroga tena. Uji ukabaki mzito vilevile. Bibi mmoja mpika pombe alianza kucheka akashindwa kujizuia.

"Bwana Shamba," alisema, "umekiua. Sisi huwa tunaungoja upoe kwanza."

Alikuwa sahihi. Kimeng'enya kinapenda joto, lakini kikichemshwa kinakufa. Tangu siku hiyo ninafanya kama alivyonifundisha bibi yule. Pika uji mzito mpaka uive. Uepue. Ungoje mpaka uweze kuuonja bila kuungua ulimi. Hapo tia kimea, ukoroge, usubiri dakika 5 hadi 10. Ukishalegea, urudishe motoni mpaka utokote tena kwa dakika chache.

Kwa nini kuurudisha? Kwa sababu kimea kilikaa na unyevu siku tatu, kikaanikwa nje. Hakikosi vijidudu. Uji ukitokota tena, vijidudu vinakufa, na mabaki ya sumu ya machipukizi yanapungua. Kimeng'enya nacho kinakufa, lakini kazi yake imekwisha. Uji hautarudi kuwa mzito.

Usimpe mtoto uji uliotiwa kimea bila kuurudisha motoni.

"MTOTO WANGU ATALEWA?"

Swali hili ninaulizwa kila kijiji. Wanaliuliza Waislamu, wanaliuliza walokole, na hata wanywaji wenyewe wanaliuliza. Jibu ni kwamba hatalewa. Kimea hakina kileo. Kileo hutoka kwa hamira ikikaa na sukari kwa saa nyingi na siku nyingi. Uji wa kimea unapikwa kwa muda mfupi na kunywewa palepale. Hamira haipati nafasi. Lakini uji huo ukiuweka mpaka kesho utachacha. Kwa hiyo pika wa kutosha mlo mmoja.

Swali jingine. Mama mmoja aliniuliza kama anaweza kumpa mtoto wa miezi mitatu, kwa kuwa uji ni laini. Hapana, mama. Mtoto chini ya miezi sita anyonye tu. Kongosho lake bado changa, halitoi amilesi ya kutosha. Tena maziwa ya mama yana amilesi yake, ambayo humsaidia mtoto anapoanza kula. Endelea kumnyonyesha mpaka afike miaka miwili, au zaidi.

Na kimea hakileti nyama wala mboga. Kinapunguza maji tu. Uji wa mtama peke yake, hata uwe na nguvu, haujengi mwili vya kutosha. Tia karanga zilizosagwa, au maziwa, au yai. Tia kijiko cha mafuta ya alizeti. Singida tunauza alizeti nchi nzima. Ni ajabu kuona uji wa mtoto wa Singida hauna hata tone. Akila ugali, apewe maharage, mlenda na mboga nyingine za majani.

Watu wenye ugonjwa wa sukari wasichukue habari hii kama dawa yao. Uji uliokatwa na kimea huingiza sukari katika damu upesi. Wamwulize mganga wa zahanati kwanza.

KUHUSU VIDONGE

Sasa turudi kwa mzee na kopo lake.

Vidonge vya vimeng'enya si uongo. Wako watu wanaovihitaji kweli. Kongosho likiharibika, labda kwa ugonjwa wa muda mrefu au kwa unywaji mwingi wa pombe wa miaka mingi, halitoi tena vimeng'enya. Mtu huyo anakonda ingawa anakula. Choo chake kinakuwa na mafuta na harufu mbaya sana. Daktari humpa vimeng'enya anywe pamoja na chakula. Vingi vya hospitali hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe, na wasiotumia nguruwe wana haki ya kuuliza. Vile vya maduka ya kawaida mara nyingi hutokana na ukungu, kama dawa ya yule Mjapani.

Lakini mtu mzima mwenye kongosho zima ana amilesi ya kutosha, na ya kubakiza. Akiongezewa kwa vidonge, ni kama kumpelekea maji mtu anayekaa ziwani.

Tumbo kujaa kuna sababu nyingi. Wengine wanakula upesi bila kutafuna. Wengine wanajazwa na maharage. Maharage yana sukari ya namna yake ambayo amilesi haiikati. Inafika katika utumbo mpana na kufanya gesi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, upike kwa maji mapya. Wengine maziwa yanawasumbua. Na wengine wana ugonjwa hasa. Kama tumbo linajaa kila siku kwa wiki kadhaa, au unakonda, au unatapika, au choo ni cheusi au kina damu, au macho yamekuwa ya manjano, usinunue kitu mnadani. Nenda kituo cha afya.

Nilimwuliza mzee kama anasikia maumivu usiku. Alikubali kwamba ndiyo, juu ya kitovu, hasa akiwa na njaa. Hakuwa amemwambia mtu. Alifikiri ni uzee. Nilimwomba aende akapimwe, naye alikwenda baada ya kusitasita wiki nzima. Alikutwa na vidonda vya tumbo. Alipewa dawa za wiki mbili, akaambiwa apunguze pombe. La pili hilo aliniambia kwa uso wa huzuni.

Lile kopo halikumsaidia kitu. Liko dirishani kwake hadi leo. Anasema amelinunua ghali, hawezi kulitupa.

Lakini jamvi la nyumbani kwake limebadilika kidogo. Nilipita wiki iliyopita. Mama wa nyumba alikuwa anapepeta kimea cha pombe. Pembeni, juu ya ungo, palikuwa na kimea kingine cha ulezi, kidogo, kimefunikwa kwa kitambaa ili kuku wasikiguse. Nilimwuliza hicho ni cha nani. Alisema ni cha mjukuu wake, aliyefikisha miezi kumi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, akiwafukuza kuku.

Wanaotaka kuona kwa macho yao waje zahanati siku ya kupima watoto. Mimi na mhudumu wa afya tutapika. Kila mama aje na nusu kikombe cha unga na sufuria yake. Kimea cha kuanzia kitakuwepo. Bibi yule mpika pombe amekubali kuja kunisimamia, ili nisikiue tena.